Kiwanda kimoja, kijiji kizima: Tristan da Cunha

Tristan da Cunha ni eneo la Uingereza katikati ya Atlantiki ya Kusini. Wakazi ni kama 240, uwanja wa ndege hakuna.

Kwa miaka mingi kampuni ya uvuvi ya Ovenstone, ya Cape Town, ndiyo iliyoshika kibali cha kamba koche. Bandari ya kisiwa, Calshot, ni finyu mno, kwa hiyo mawimbi yakipanda mashua hazishushwi. Bahari ikitulia, kengele hugongwa alfajiri, na hata watumishi wa serikali huacha ofisi wakaingia kazi ya uvuvi. Kamba wadogo na majike wenye mayai hurudishwa majini. Mashua zikirudi, zamu ya kiwandani huanza: kusafisha, kupanga kwa ukubwa, kugandisha, kufunga maboksi.

Meli ya kampuni hiyo, Edinburgh, ilipeleka mzigo Cape Town, takriban kilomita 2,800, na kurudi na abiria na bidhaa za duka. Kwangu mimi msaada huo unazidi hata mishahara, maana bila meli mshahara utanunua nini?

Ubaya ni kutegemea mlango mmoja. Februari 2008 moto uliteketeza kiwanda pamoja na majenereta yaliyokipa kijiji umeme, hivyo ajira na taa vikakatika kwa mpigo. Kiwanda kipya kilifunguliwa 2009. Machi 2011 meli MS Oliva ikakwama kwenye kisiwa jirani cha Nightingale, mafuta yakamwagika, uvuvi ukafungwa huko na kwenye kisiwa kingine jirani, Inaccessible. Na mrabaha wa kamba, yaani malipo ya kibali cha kuwavua, ndio nguzo ya bajeti ya serikali yao.