Giza nalo huhesabiwa

Leo asubuhi nimekuta miche ya saladi imetokeza pale nilipokwisha kukata tamaa. Nilisia mbegu hizo wiki tatu zilizopita kwa namna ninavyopanda maharage: nikatoboa udongo kwa kidole, nikadondosha, nikafukia vizuri, nikamwagilia. Kimya. Zilizoota siku ya nne ni zile chache tu zilizonidondoka ukingoni nilipokuwa nakung'uta viganja, zikabaki juu ya udongo bila kufunikwa na chochote.

Wiki iliyopita nilichukua kijiti nikapekua udongo ule, nia yangu ikiwa kuumwaga. Bahati nzuri sikuumwaga. Leo kuna vishina vyeupe, vyembamba kama uzi, na kimoja bado kimebeba ganda la mbegu kwenye ncha ya jani. Kumbe mbegu hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinangoja mwanga.

Jambo hili lilichunguzwa kwa mbegu hizihizi za saladi. Mwaka 1952 Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao, huko Beltsville, Marekani, walizimulika mbegu zilizolowa kwa mwanga mwekundu, nyingi zikaota. Walipofuatisha mwekundu wa mbali, ule ulio ukingoni mwa uwezo wa macho yetu, zikabaki zimelala. Wakaipokezanisha mianga hiyo mara nyingi, na kila mara mwanga wa mwisho ndio ulioamua. Protini inayofanya kazi hiyo huitwa fitokromu: mwanga mmoja huiwasha, mwingine huizima.

Nikifikiria sababu yake, nakiri moyo wangu hulainika. Jani la kijani hula mwanga mwekundu na kuupitisha ule wa mbali. Kwa hiyo mbegu iliyolala chini ya majani ya mimea mingine hupata habari kwamba juu yake kuna kivuli, na haitoki. Tena mbegu ya saladi ina akiba ndogo mno ya chakula. Ikiota kwenye kina kirefu, akiba itaisha kabla chipukizi halijaliona jua. Haragwe halina wasiwasi huo. Limebeba chakula cha safari nzima. Ndani ya mbegu homoni, yaani kemikali ya ujumbe, iitwayo asidi ya absisiki hushikilia usingizi, na nyingine iitwayo jiberelini huuvunja. Mwanga unaofaa huongeza hiyo ya pili.

Haya yote yamenirudisha kwenye poinsetia yangu ya sebuleni, mmea wa chungu ambao majani yake ya juu huiva wekundu unapochanua, na ambayo kwa mwaka mmoja na nusu ilikuwa majani mabichi tu. Niliibadilishia chungu. Niliitia mbolea. Nilidhani ina njaa, kumbe nilikuwa naiharibia usiku, kwa kuwa mimi husoma kwenye kiti kilicho karibu nayo hadi saa 6 usiku, taa ikiwaka.

Watafiti wa Marekani Wightman Garner na Harry Allard waliandika mwaka 1920 kuhusu tumbaku aina ya Maryland Mammoth, iliyorefuka kiangazi chote bila kutoa ua. Walipoifungia gizani sehemu ya siku, ikachanua. Wakaona urefu wa mchana ndio siri. Baadaye ilibainika kuwa mimea ya namna hiyo hupima zaidi urefu wa usiku: ukikatiza usiku wake kwa mwanga wa muda mfupi, hesabu inavurugika, lakini ukiiwekea giza kidogo katikati ya mchana, haijali. Mwanga unaovuruga zaidi ni mwekundu, na wa mbali waweza kurekebisha. Ni fitokromu ileile ya saladi.

Tena anayehesabu ni jani, ilhali ua hutokea kwenye ncha. Lazima kuwe na ujumbe unaosafiri. Mtafiti Mikhail Chailakhyan aliupa jina la florijeni miaka ya 1930, na ukatafutwa kwa miongo mingi. Ni katika miaka ya 2000 tu ndipo watafiti walipoonyesha kuwa ni protini ndogo itokayo kwenye jani na kupita katika njia za chakula cha mmea hadi kwenye ncha. Naufikiria ule uvumilivu, watu waliokuwa na hakika kwamba kitu kipo kabla mkono wowote haujakigusa.

Nami sasa ni wiki ya nane naifunika poinsetia kwa boksi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi. Giza lisikatike hata dakika moja, nimejiambia. Majani ya juu yameanza kuiva wekundu, kwanza kwenye mishipa, kisha ukatapakaa. Wengi huyaita maua, lakini ni majani. Maua yenyewe ni hivyo vitumba vya kijani na manjano katikati, vidogo sana. Leo jioni nimevihesabu vitano, nikainama kuvitazama kwa karibu, halafu nikarudishia boksi kwa kuwa saa 12 ilikuwa imefika.