Fainali iliyovuka bahari

Jumatatu, 26 Mei 2025

Sisi Simba tumelikosa Kombe la Shirikisho la Afrika. RS Berkane wameondoka nalo Zanzibar kwa jumla ya mabao 3-1, na leo sina hamu ya kubishana na mtu. Watani wa Yanga wameanza tangu alfajiri, mpaka simu nimeizima. Ni haki yao. Mwaka 2023 USM Alger walipowatoa machozi kwa bao la ugenini, kwenye fainali ya kombe hili hili, sisi hatukuwahurumia hata kidogo.

Niandike ya mpira kwanza, maana ndiyo yanayouma.

Fainali hii hatukuipotezea jana kwenye uwanja wa New Amaan, Zanzibar. Tuliipotezea kwao Berkane, kwenye mechi ya kwanza ya tarehe 17 Mei, ndani ya robo saa ya kwanza, tulipopigwa mbili kabla miguu haijapata moto. Baada ya hapo tulicheza vizuri tu, lakini ukishawapa Waarabu wa Morocco mabao mawili kwao, wanajua namna ya kuyalinda. Jana Joshua Mutale alifunga dakika ya 17, na kuanzia hapo hadi mapumziko niliamini kabisa kwamba usiku ule ni wetu. Mutale mimi namtetea siku zote. Ni winga anayemfuata beki badala ya kumsubiri, na mchezaji wa namna hiyo lazima apoteze mipira mingi kabla hajapata mmoja wa maana. Jana aliupata.

Halafu Kagoma akala njano ya pili mapema kipindi cha pili, tukabaki kumi. Nampenda sana Kagoma, ndiye anayefagia mbele ya mabeki wakati wenzake wote wamepanda, ila kiungo mwenye njano kwenye fainali anatakiwa amwache mtu apite, mabeki wapo nyuma yake. Mukwala akaweka mpira wavuni, waamuzi wa video (VAR) wakalikataa bao, wakasema ameotea. Dakika za nyongeza Sidibe wa Berkane akasawazisha, ikaisha. Kumi wale walipigana. Hilo mtu asinibishie.

Kinachonisumbua toka jana usiku ni mahali mechi ilipochezewa.

Kombe la Shirikisho, fainali, marudiano nyumbani. Simba tulikuwa hatujafika fainali ya Afrika tangu 1993, tulipofungwa na Stella ya Abidjan 2-0 hapa hapa Dar es Salaam. Miaka 32. Mechi ya namna hiyo mahali pake ni kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, watu 60,000, jukwaa zima jekundu. Tarehe 9 Aprili tulikuwa pale na Al Masry. Tulikuwa tumefungwa 2-0 kule Misri, tukayarudisha yote mawili, Mpanzu na Mukwala, kisha kipa wetu Moussa Camara akawamaliza kwenye mikwaju ya penalti, 4-1. Anayesema kelele za mashabiki hazichezi mpira hakuwepo usiku ule. Wale Wamisri walikuwa wanaiendea nukta ya penalti huku wametazama chini.

Fainali ikahamishwa. Mvua za masika ziliuharibu uso wa Mkapa, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wakaona haufai, mechi ikavuka bahari mpaka New Amaan, ambako wanaingia kama robo tu ya watu wale. Wazanzibari wametupokea kwa heshima na wameshangilia mpaka sauti zimekauka, na uwanja wao ule uliokarabatiwa unapendeza. Sina neno baya juu yao. Lakini watu 15,000 si watu 60,000, na Berkane walilijua hilo tangu walipopanda ndege.

Tangu habari ya kuhama itoke tumelaumiana sana vijiweni. Wengine wanasema ukarabati umechukua muda mrefu, wengine wanasema uwanja umechezewa mechi nyingi mno bila kupumzika, wengine wanasema maji hayana pa kutokea. Yote hayo yana ukweli ndani yake na waliokabidhiwa uwanja wanapaswa kuyajibu. Sikumsikia mtu hata mmoja akizungumzia mvua yenyewe. Mvua tunaichukulia ni ya Mungu tu, imekuja, itaondoka.

Masika yapo tangu enzi za babu zetu, hilo najua. Na mvua ya siku moja huwezi kuinyooshea kidole ukasema hii imeletwa na mabadiliko ya tabianchi. Ila wataalamu wa hali ya hewa wameshatueleza jambo moja rahisi: kila joto la hewa likipanda nyuzi moja ya Selsiasi, hewa hiyo inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvuke huo ndio mvua. Dunia imeshapanda zaidi ya nyuzi moja tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe, na mwaka jana, 2024, ndio uliokuwa na joto kali kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Lini tulizoea kusikia habari za vimbunga pwani yetu? Hizo zilikuwa habari za Msumbiji na Madagaska. Uwanja uliojengewa mifereji ya mvua za zamani hauwezi kutosha kwa mvua za sasa, hata ukimleta fundi wa namna gani.

Na si mvua tu. Mwaka 2019 Taifa Stars, timu yetu ya taifa, tulirudi AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya miaka 39, kule Misri, mashindano yakachezwa Juni na Julai kwenye joto la Cairo mpaka waamuzi wakawa wanasimamisha mechi wachezaji wanywe maji. Tulifungwa 3-2 na Kenya baada ya kuongoza mara mbili, kwanza Msuva, kisha Samatta. Nisisingizie joto, Olunga wa Kenya alitufunga kwa ubora wake. Kombe la Dunia la Qatar likasogezwa Novemba na Desemba 2022 kwa sababu majira ya joto kule mtu hawezi kukimbia. AFCON ya Ivory Coast ikatolewa katikati ya 2023 kukwepa mvua, ikachezwa Januari na Februari 2024. Kalenda ya mpira siku hizi inapangwa kwa kuangalia mawingu na vipimajoto, na hapo ni wakubwa wenye pesa za kuhamisha mashindano mazima.

Kwetu ligi inachezwa mwezi wa pili, kaskazi imeshika, mechi saa 8 mchana kwa sababu uwanja hauna taa. Pwani joto lake linakuja na unyevu, na hapo ndipo penye hatari. Mwili unajipoza kwa jasho linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikishajaa unyevu jasho linabaki linachuruzika tu, haliondoki na joto, mtu anachemka kwa ndani. Dakika ya 70 mabeki wameshika magoti, pasi zinakwenda nje, na sisi jukwaani tunapiga kelele kwamba hawana pumzi, wanalala vilabuni. Hao ni wachezaji wenye daktari na maji ya baridi. Watoto wa mchangani wanacheza saa hizo hizo bila kivuli wala chupa.

Niseme na lile linaloniletea uchungu zaidi. Kombe tulilolikosa jana linabeba jina la kampuni ya mafuta. TotalEnergies wameandikwa kwenye mabango ya uwanja na kwenye jina lenyewe la mashindano, kama walivyoandikwa kwenye AFCON. Kampuni hiyo hiyo ndiyo yenye hisa kubwa kwenye bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. FIFA nao wamechukua pesa za Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudi Arabia. Naelewa kwamba CAF wanahitaji fedha na kwamba bila mdhamini timu zetu zingesafiri kwa shida. Naelewa pia kwamba Tanga kuna vijana waliopata ajira na familia zinazokula kwa sababu ya bomba lile. Lakini Afrika nzima tunatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, na viwanja vinavyozama ni vyetu. Mashabiki tuna haki ya kuuliza pesa hizo zinarudi wapi. Kama mafuta yanalipia jina la kombe, yalipie na mifereji ya kutoa maji kwenye viwanja ambavyo kombe hilo linachezewa.

Hapo ndipo utani wa vyura unaponishinda. Mashabiki wenzangu wa Simba wanawaita Yanga vyura kwa sababu makao yao yapo upande wa Jangwani, na bonde lile likifurika uwanja wao wa Kaunda unageuka bwawa. Mimi natania kwa mengine yote. Hilo siliwezi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini hapa, na bonde la Msimbazi lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Kuna wazee wa Yanga waliohamishwa bondeni na wazee wa Simba waliohamishwa bondeni, maji hayakuuliza kadi ya mwanachama.

Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Viwanja vinajengwa, Arusha wanajenga, kila mtu anazungumzia idadi ya viti na rangi ya viti. Mimi nataka kusikia maji yatatokea wapi, kivuli kitafunika majukwaa mangapi, na kama maji yatakayotolewa uwanjani hayatakwenda kufurika kwenye vijiji vya jirani. Hayo mambo yanaamuliwa sasa, wakati zege bado halijamwagwa lote.

Tawi letu linakutana wiki hii kujadili msimu. Najua yatakayotawala: kocha Fadlu abaki au aondoke (abaki, ametufikisha fainali kwa kikosi alichokijenga upya), kiungo wetu Ahoua auzwe au asiuzwe, kipa wa pili ni nani. Nimeshamwomba mwenyekiti anipe dakika tano. Nataka tuandike barua kwa uongozi wa klabu, waibane Bodi ya Ligi ili mechi za saa 8 mchana zifutwe kuanzia Desemba mpaka Machi, na viwanja visivyo na taa vipewe saa 10 jioni. La pili ni swali kwa wanaoutunza uwanja wa Mkapa: masika ya mwakani yakianza, maji yatachukua muda gani kuondoka kwenye nyasi zile?