Dimbwi Nyuma ya Nyumba ya Bibi

Dimbwi lilikuwa linachemka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, maji yamejaa kwenye kishimo nyuma ya nyumba, na viputo vikawa vinapanda mfululizo kama uji unaoanza kushika moto. Lakini maji yenyewe yalikuwa ya baridi ya kuuma vidole. Nilichutama, nikasogeza kipima gesi karibu na maji. Kikaanza kulia kabla sijanyoosha mkono vizuri. Fomeni akapiga kelele tuzime gari.

Bibi mwenye nyumba alikuwa amesimama barazani, kajitanda blanketi. Amepita miaka themanini. Alituambia dirisha la chumba cha chini ya nyumba yake halijafungwa kwa miaka 11. Jua liwake, theluji idondoke, liko wazi, maana likifungwa siku mbili tu kichwa kinamgonga na harufu ya mafuta inapanda hadi jikoni. Mshumaa hawashi, hata umeme ukikatika. Alikaa gizani akisubiri urudi.

Hapa ni magharibi mwa Pennsylvania, Marekani, ninakoishi mimi mtoto wa Mtwara tangu 2016. Kazi yangu ni kuziba visima vya mafuta na gesi vilivyotelekezwa. Nilipomweleza mama kwenye simu mara ya kwanza alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, watu wanahangaika usiku na mchana kuchimba visima, wewe unalipwa kwa kuvifukia?" Nilimwelewa. Kwetu anayefukia kisima ni mtu mwenye kinyongo na wenzake. Nikamwambia, "Hivi mama si vya maji. Hivi vikiachwa wazi ndivyo vinavyoharibu maji." Akataka nimweleze kwa kituo, na nilichomweleza jioni ile ndicho ninachokiandika hapa.

Biashara ya mafuta ya Marekani ilianzia huku huku. Tarehe 27 Agosti 1859, karibu na mji wa Titusville, Edwin Drake alipata mafuta kwenye kina cha mita 21 tu. Kisima cha maji cha kijijini kinaweza kuzidi hapo. Watu wakamiminika, wakatoboa mashamba, misitu, kingo za mito na viwanja vya nyumba. Serikali ya jimbo haikudai kibali cha kuchimba hadi 1956, kwa hiyo karibu miaka mia moja ilipita bila daftari la kueleweka. Ndiyo maana hata makadirio ya jimbo yana pengo la kutisha: kati ya visima 300,000 na 760,000 vimechimbwa tangu siku ya Drake, na vingi havijulikani viko wapi.

Kisima kikikauka, mwenyewe alikusanya vyombo vyake akaenda. Wengine walifilisika, wengine walikufa na siri zao. Aliyejitahidi alisukumia gogo na mawe mdomoni mwa kisima akajiona kafunga. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mabomba mengi yaling'olewa ili chuma kitumike vitani, likabaki tundu tupu ardhini. Vile visivyo na mwenyewe wanaviita visima yatima, na kila nikilisikia neno hilo linanichoma kidogo, maana yatima wetu ana shangazi, ana mjomba, ana jirani. Hivi havina hata wa kuviulizia.

Ardhi ina tabaka. Juu juu kuna maji matamu, yale anayokunywa bibi. Chini yake kuna maji ya chumvi, kisha mwamba wenye mafuta na gesi. Mungu aliyaweka mbali mbali. Kisima kilichoachwa wazi ni mrija uliopita katikati ya yote: gesi inapanda, chumvi inapanda, vinaingia kwenye maji ya kunywa na kwenye vyumba vya watu. Karibu na McKeesport kuna mji mdogo unaoitwa Versailles. Watu walikimbilia eneo lile mwaka 1919 kuchimba gesi, ikaisha upesi, wakatawanyika. Mpaka zama zetu kuna mabomba yaliyosimikwa kwenye makazi ili gesi ipate pa kutokea isijikusanye ndani ya nyumba. Na ile inayotoka ikaenda angani nayo ina madhara yake: methani, ndiyo gesi yenyewe hii, hushika joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa, ukihesabu kwa miaka 20.

Turudi kwa bibi. Kazi ya kwanza ilikuwa kukiona kisima chenyewe. Sumaku hazikutuonyesha kitu, maana hapakuwa na chuma karibu na uso wa ardhi. Tulimwaga maji ya dimbwi, mashine ikakwangua udongo taratibu, mimi nikiwa na koleo pembeni. Kwenye kina cha kiuno likatokea duara la mbao, nyeusi tii kwa mafuta, zimepangwa wima kama mbao za pipa. Nilipangusa moja kwa glavu. Alama za shoka bado zilionekana, pigo kwa pigo, mtu alikuwa ameichonga kwa mkono. Nilibaki nimeishika mpaka fomeni akaniita mara mbili. Mtu huyo alikuwa fundi kweli kweli. Sidhani kama aliwaza kuwa kuna bibi atakuja kulala na dirisha wazi kwa sababu ya kazi yake.

Tukasimika mtambo wa kuvutia mabomba, tukaanza kusafisha. Hapa ndipo siku zinapoliwa. Kisima lazima kisafishwe hadi chini kabisa, kwa sababu ukimwaga saruji juu ya takataka, gesi itatafuta njia pembeni na baada ya miaka michache umerudi palepale. Tulitoa mawe, waya wa seng'enge, kamba iliyooza, na kwenye mita 12 tukakutana na gogo. Lilitukalia siku nne. Tulilisaga kipande kwa kipande, na vipande vilipotoka vilikuwa bado vinanukia mti, baada ya miaka yote ile. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi, ambaye ameanza shughuli hii akiwa kijana, alikinusa kimoja akasema, "Hemlock," jina la mti wa huku, akakitia mfukoni.

Tulifika chini, mita 270 na kidogo. Tukateremsha bomba hadi mwisho na kuanza kusukuma saruji, ijaze kutoka chini ikipanda juu. Ukimwaga kutoka juu inachanganyika na maji njiani na haishiki. Ikikaa, unateremsha bomba tena na kuliegemeza juu ya saruji kwa uzito. Ikibeba, imeshika. Yetu ya kwanza haikuwa pale tulipoiacha, ilikuwa imeshuka mita tisa. Mwamba ulikuwa na nyufa, umeimeza. Tukamwaga tena, tukasubiri tena, tukapima tena. Katikati ya kizibo kimoja cha saruji na kingine tunajaza tope zito la bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa. Hivyo hivyo hadi juu. Kisima kimoja, wiki tatu, watu watano.

Gharama ni kubwa. Kisima kimoja hula makumi ya maelfu ya dola, na vipo vinavyopita laki moja. Novemba 2021 serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria ya miundombinu iliyotenga dola bilioni 4.7 kwa ajili ya visima yatima nchi nzima. Ni fedha nyingi, lakini Marekani inakadiriwa kuwa na visima vilivyoachwa zaidi ya milioni tatu, na vingi havijazibwa. Hapa ndipo roho inaponiuma. Aliyechimba aliuza mafuta yake, akala faida yake, na leo anayelipa ni mwalimu, muuguzi na dereva wa basi kupitia kodi.

Ndiyo maana nikiziba kisima huku, akili yangu iko nyumbani. Mama ni mtu wa Msimbati. Gesi ya Mnazi Bay, huko huko kwao, iligunduliwa 1982 na kampuni ya Agip, kisima kikafungwa kikakaa hadi 2005 ndipo kampuni nyingine ilipokifungua. Leo gesi ya kwetu inakwenda kwa bomba hadi Dar es Salaam. Visima vile bado vinatoa, vina wenyewe, vina mkataba na majina kwenye karatasi. Sheria ya Petroli ya 2015 inazungumzia mfuko wa fedha za kufungia miradi ikifika mwisho. Basi ndugu zangu wa Mtwara na Kilwa, madiwani, wabunge, waandishi wa habari, ulizeni sasa: katika mfuko huo kuna shilingi ngapi, na zinatosha visima vingapi? Ulizeni wakati kampuni bado zinahitaji kibali chenu, zinakuja kwenye mikutano, zinapokea simu. Huku Pennsylvania swali hilo lilichelewa, na nimeona kwa macho yangu lilivyoishia.

Siku tano baada ya saruji ya mwisho tulirudi kupima. Kipima gesi kilisoma sifuri uani, kikasoma sifuri ndani. Bibi alishuka nasi ngazi, akashika kitasa cha dirisha lile, kikagoma. Kilikuwa kimeshika kutu. Nikalipaka mafuta ya spana yangu, nikalisukuma kwa bega, likafunga. Alibaki amesimama pale, mkono kwenye kioo, anasikiliza. Sijui alikuwa anasikiliza nini.

Wakati tunapakia vifaa, jirani yake alikuja akitembea kwa fimbo. Akatuambia baba yake alikuwa akiwakataza kucheza chini ya mtufaha ule pale, karibu na ua, na kwamba nyasi za mahali hapo hazijawahi kuota. Akaonyesha kwa fimbo. Nilikwenda nikapiga magoti, nikashusha kipima kwenye udongo.

Jumatatu tunarudi na sumaku.