Kumbukumbu ya mradi: kuisaka DR5 juu ya seli za HeLa kwa kingamwili ya PE

Wiki hii mradi umefika pazuri. Natumia saitometri ya mtiririko, mashine inayopitisha seli mojamoja mbele ya leza na kupima mwanga wake. Histogramu ya DR5 (mchoro wa seli ngapi zinang'aa kiasi gani) kwenye seli za HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara, imejitenga na ile ya kontroli, yaani sampuli ya kulinganishia, na kila nikirudia kipimo inakaa palepale. Mwachano wenyewe ni mdogo. Kipokezi hiki huwa kichache juu ya seli, kwa hiyo nguvu nyingi nimeziweka kwenye swali moja: je, mwanga ninaouona unatoka kwenye DR5 kweli?

Kwa anayejiunga sasa: DR5 ni kipokezi cha kifo, jamii moja na Fas na DR4. Hukaa kwenye utando wa seli. Protini iitwayo TRAIL ikikishika, vipokezi hukusanyika, na upande wa ndani protini iitwayo FADD huvuta kaspesi-8, kimeng'enya kinachoanzisha kifo, kisha seli huanza kujibomoa kwa utaratibu. Vipo pia vipokezi vya hadaa, DcR1 na DcR2, ambavyo huishika TRAIL lakini havipitishi amri ya kufa. Kwa sababu hiyo nilitaka kingamwili inayotambua DR5 peke yake, nikachukua kloni (aina moja maalumu ya kingamwili) DJR2-4, IgG1 ya panya, iliyounganishwa na rangi inayong'aa iitwayo fikoeritrini, yaani PE.

PE ni molekuli kubwa, kilodaltoni 240 hivi, asili yake mwani mwekundu. Leza ya nanomita 488 inaiamsha vizuri, nayo hung'aa kwa nguvu karibu na nanomita 578. FITC, rangi nyingine inayong'aa kijani, inatosha kwa protini iliyojaa tele juu ya seli, ila kwa DR5 ishara yake ingezama ndani ya mng'ao wa asili wa HeLa, ambao nao ni wa kijani. Chupa ya PE inakaa gizani kwenye friji, na haigandishwi kamwe.

Jambo moja kuhusu kingamwili za vipokezi hivi nalipenda sana. Mwaka 1989 Shin Yonehara na wenzake nchini Japani walieleza kingamwili iliyoua seli za binadamu, wakaiita shabaha yake Fas. Mwaka huohuo kundi la Peter Krammer nchini Ujerumani likaeleza anti-APO-1, nayo inaua. Baadaye ikajulikana kuwa shabaha zote mbili ni kitu kimoja, ambacho leo tunakiita pia CD95. Kwa hiyo kingamwili inayoshika kipokezi cha kifo huenda ikafanya zaidi ya kukitia rangi: ikivikusanya vipokezi, seli inaweza kuitikia kana kwamba imepokea amri yenyewe. Ndiyo maana kazi yote naifanya juu ya barafu, na bafa yangu ina sodiamu azidi asilimia 0.1, ili vipokezi visimezwe ndani ya seli kabla sijavipima.

Kuzibandua seli kutoka kwenye chombo zilimoota nako kunataka uangalifu. Kimeng'enya cha tripsini ni cha haraka, lakini kinakata protini za juu ya seli bila kuchagua. Natumia EDTA, kemikali inayolegeza seli bila kukata protini, peke yake na subira. Seli zinaachia polepole, nazipitisha kwenye chujio la mikromita 40 ili mabonge yasiingie kwenye mashine.

Seli zilizokufa hunasa kingamwili yoyote, na kwenye kipimo cha ishara ndogo kama hii zinaweza kutengeneza matokeo ya uongo peke yake. PI, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa, nimeiacha kwa sababu mwanga wake, karibu na nanomita 617, unamwagikia kwenye chaneli ya PE. DAPI, rangi nyingine ya kazi hiyohiyo, kwenye leza ya urujuani inakaa mbali kabisa. Nachora geti (mpaka wa kuchagua seli kwenye mchoro) ya seli mojamoja kwanza, kisha natoa zote zilizoshika DAPI, ndipo naitazama PE.

Sasa kiasi cha kingamwili, sehemu iliyonifundisha mengi. Nilianza na kiasi anachopendekeza mtengenezaji kwa seli 500,000 ndani ya mikrolita 100, nikawa nakipunguza nusu kwa nusu. Kila kiwango kilikwenda sambamba na aisotaipu ya PE, yaani kingamwili ya aina ileile isiyolenga DR5, kwa kiasi kilekile cha protini. Kwenye kiwango cha juu kabisa DR5 iling'aa zaidi kuliko kwingine kote, na ukiitazama peke yake ungesema hapo ndipo penyewe. Lakini aisotaipu nayo ilikuwa imepanda, tena kwa kasi zaidi, na mkia wake umetanuka kulia. Nilipozipandanisha histogramu mbili, nafasi kati yake ilikuwa finyu. Kushuka chini kidogo, DR5 ilibaki karibu palepale huku aisotaipu ikirudi kushoto na kuwa nyembamba. Hapo ndipo nimeweka kambi. Kuzuia vipokezi vya Fc, vinavyonasa mkia wa kingamwili bila kujali shabaha yake, kabla ya kutia rangi hakukubadilisha chochote kwenye HeLa, ila nitaendelea nako, maana seli za damu zinakuja na baadhi yake zinavyo vingi.

Kinachofuata ni kemikali ya thapsigagini. Inavuruga kalisi ya retikulamu ya endoplazimu, sehemu ya seli inayotengeneza protini, na msongo huo huinua DR5 kupitia CHOP, protini inayowasha jeni. Kingamwili ikiwa inasoma DR5 kweli, histogramu inapaswa kuhamia kulia huku aisotaipu ikibaki ilipo. Seli tayari nimezipanda.