Wasichana wa meli niliwapata kwa mama zao

Nafanya kazi chumba cha injini, kwenye meli ya abiria na mizigo hapa Ziwa Victoria, na nimechoka kuambiwa kwamba mabinti wa Mwanza hawana mwamko wa kazi za majini. Mwamko wanao. Wanaokataa ni mama zao, na sababu wanazo.

Mtaalamu mmoja kutoka Dar alinishauri tufanye hamasa tarehe 18 Mei, siku ya kimataifa ya wanawake wa sekta ya bahari, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2022. Nikamwambia, kaka yangu, huku kwetu tarehe 21 Mei ndiyo MV Bukoba ilizama, mwaka 1996. Wiki hiyo watu wanawaza makaburi ya Igoma, walikozikwa waliokufa. Akasema hayo hayahusiani. Basi fulana zikachapishwa, spika zikakodiwa, likatundikwa bango la msichana kavaa sare nyeupe pee, utadhani injini hazina grisi. Mabinti wakajaa, mama zao wakakaa nyuma. Mtaalamu alipofika pale pa "maji yanawaita", mama mmoja akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akasema: "Dada yangu yalimwita mwaka ule, hadi leo hajarudi." Akamshika bintiye mkono, huyoo! Ukumbi ukamfuata. Fulana zilizobaki tunafutia oili, na kwa kweli pamba yake ni nzuri.

Baada ya hapo nikafuata akili yangu. Nikaenda Mwaloni, Kirumba, kwa kina mama wa dagaa, nikawaalika melini siku tuliyokuwa tumefunga gatini. Mabinti wabaki nyumbani. Hotuba sikuandaa hata mstari. Nilitoa kamba na magunia mawili, nikamshindanisha mkubwa wa mabaharia wa sitaha, wale wa kazi za juu ya meli, na mama mmoja wa Ukerewe: kila mtu afunge gunia lake, tulinyanyue kwa winchi, tuone la nani litaponyoka. Jamaa akafunga kwa madaha, anaeleza huku anafunga. Mama kafunga kimya, akamalizia kwa kukaza na kisigino. Gunia la jamaa lilifika usawa wa kiuno, likamwagika lote. La mama tulishindwa hata kulifungua, tukakata kamba. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini! Nikapenyeza hapohapo: kazi ya sitaha ndiyo hiyo, mayu, mnaifanya kila siku bila mshahara.

Wakaanza kuuliza wenyewe. Wala si kuhusu mawimbi. "Mnalala wapi?" Nikawapeleka kwenye kabini yangu. Mama yuleyule wa gunia akaniambia niingie nifunge komeo, yeye akasukuma mlango kwa bega kutoka nje, mara mbili, tena kwa nguvu za kweli. Akauliza choo. Akataka kuona majaketi ya kuokolea yanakaa wapi, akanivalisha moja, akavuta mikanda mwenyewe. Mshahara niliutaja mwisho, kwa sauti ya kawaida. Kama melini kwenu hakuna kabini ya wanawake yenye komeo, usimwalike mama yeyote. Nenda kwanza kagombane na ofisi.

Mambo ya maombi na vyeti hayana ugumu, Chuo cha Bahari Dar es Salaam wanaeleza vizuri. Zile kozi nne za mwanzo (kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama kazini) pamoja na nauli na chumba, tenga laki kadhaa na usiniulize ngapi, bei zinapanda. Ila anayetaka sitaha apimwe macho mapema, na kupima rangi kuwemo: usiku taa nyekundu ni ubavu wa kushoto wa chombo, kijani ni kulia, na asiyezitofautisha atarudishwa akiwa ameshalipa.

Na kuogelea! Mabinti waliozaliwa hatua chache kutoka ziwani, wengi hawajui. Kaka zao wanajua wote. Ziwani sikuwapeleka, kuna kichocho. Nililipia bwawa la hoteli, Jumamosi asubuhi kabla wageni hawajaamka. Mjomba wa mmoja alikuja kulalamikia mavazi. Mama wa binti, yule wa gunia, akamjibu kabla yangu.

Binti huyo sasa yuko Dar anasoma. Mwenzake kaghairi, kaenda ualimu, sina kinyongo. Hoteli imepandisha bei ya bwawa, kwa hiyo anayejua bwawa la nafuu hapa mjini aniambie, kuna wengine wanasubiri.