Kalenda ya sindano

Kwenye kalenda ya ukutani, hapa kwetu Chamwino, nimezungushia wino mwekundu kila baada ya siku 28. Ndiyo zamu ya sindano ya kijana wangu wa darasa la tano, ya kuzuia homa ya baridi yabisi (rheumatic fever) isimrudie.

Mara ya kwanza alivimba goti, kisha kifundo cha mguu, maumivu yakihama kama mpangaji. Tukasingizia mpira. Alipopona tukaacha sindano. Mtoto anakimbia, anakula ubuyu, umchome ya nini? Miezi minane baadaye koo likamuuma, nikampa maji ya chumvi asukutue, basi. Wiki tatu hazijaisha, homa ikarudi, viungo vikarudi, na safari hii daktari akasikia mvumo kwenye moyo: vali, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, imeguswa.

Kumbe bakteria wa koo, streptokokasi, akirudi, kinga ya mwili wa mtoto aliyewahi kuugua huugeukia moyo wake mwenyewe, na kila marudio huongeza makovu. Sindano yenyewe, penisilini ya benzathini, inauma kweli (huchechemea hadi jioni), na atachomwa angalau mpaka afikishe miaka 21.

Bibi yake aliuliza, "Sindano bila ugonjwa?"

"Mama, ndiyo inayouzuia."

Jumanne ni zamu yake. Ameshaanza kudai mishikaki.