Foleni ya mawe

Mwaka 1983 sukari ilikuwa haionekani Tanga mpaka uwe na mtu. Vita ya Kagera ilikwisha tangu 1979, Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na miezi ile ikawa haiishi. Mkonge, ambao ndio uliojenga mji wetu, ulikuwa umeporomoka bei, na baba, kuli wa bandarini, siku nyingi alirudi mapema na mikono mitupu. Tulikula unga wa njano wa msaada, ambao mtaani uliitwa Yanga kwa ajili ya rangi yake. Mjomba, Simba damu, aliapa hataugusa. Aliapa asubuhi. Jioni alikuwa wa kwanza kunawa.

Siku hiyo balozi wa nyumba kumi alipita kabla ya magharibi na habari: kesho dukani inashushwa sukari, kilo moja kwa kaya. Hakumaliza hata nyumba ya tatu, mawe yakawa yameshaanza kupangwa. Nani angesimama wima hadi kunakucha? Kila mtu aliweka kitu chake kimshikie nafasi. La mama lilikuwa jiwe la matumbawe lenye doa la chokaa. Nyuma yake nusu tofali, kisha kifuu, kisha ndala iliyokatika mkanda. Mimi nikaambiwa nikalale barazani mkabala na duka, nililinde jiwe.

Nyumbani nilikuwa nimeizoea shida ya kimyakimya. Baba alikuwa akikaa na redio yake, betri amezianika juani zipate nguvu, akisikiliza habari za Waziri Mkuu Sokoine na msako wa wahujumu uchumi uliokuwa umeanza Machi. Mtaani zilivuma habari za wenye maduka waliokwenda kutupa mali baharini usiku kwa woga. Baba alisikiliza, akaguna, akalala.

Barazani kulikuwa na dunia nyingine kabisa. Kina mama walikuja mmoja mmoja na koroboi moja tu, mafuta ya taa nayo yalikuwa ya kuhesabu, wakakaa juu ya mikeka wakacheka hadi usiku wa manane. Walicheka sabuni isiyopatikana na nguo walizofua kwa majani ya mpapai. Walisutana, wakapatana. Na ile sukari ambayo haijashushwa bado waliipika yote: mmoja visheti, mmoja kashata, mmoja alishamwalika mwenzake chai ya tangawizi saa kumi, mwenzake akauliza ni ya mkandaa au ya maziwa. Mama, ambaye nyumbani nilimzoea akihesabu makopo ya unga, alikuwa mwongo kuliko wote. Alisema atapika halua. Nilisinzia nikiwa na hakika kwamba kesho tunakula halua.

Nilizinduliwa na makelele. Lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mlangoni, na mgambo, ili lipate njia, alikuwa amezoa mawe yote akayatupa mtaroni. Watu wakaanza kusukumana. Kila mtu alikuwa wa kwanza.

Basi akainuka bibi mmoja muuza mihogo ya kuchoma. Zamani aliuza vitumbua, lakini mafuta na sukari vilipopotea akahamia mihogo, na jiko lake alilitia palepale jirani na duka. Alitia mkono mtaroni, akatoa mawe moja moja na kuyataja. "Chokaa, la mama yake huyu. Nusu tofali, la fundi cherehani. Kifuu, cha yule aliyejifungua juzi, mwekeeni. Ndala, yako wewe, na usijifanye ulikuwa mbele." Alikuwa ameikariri foleni yote. Mgambo akatikisa kichwa, akauliza kama yeye naye ana nafasi. Akaambiwa akaokote jiwe.

Magunia yalikuwa machache, kilo ikawa nusu kilo. Mama aliipokea kwenye pindo la khanga. Nyumbani akaimwaga kwenye sinia, akakaa kuchambua nyuzi za gunia zilizojichanganya humo, moja baada ya nyingine, huku akilipuliza sinia kwa uangalifu asipeperushe punje. Kisha akafunga karatasi mbili. Moja ya uji wa yule mzazi, moja ya bibi wa mihogo. Iliyobaki aliishindilia kwenye kopo, akaliweka juu ya kabati tusikofika. Halua haikutajwa tena, na mimi niliogopa kuuliza.

"Unagawa hata hatujaonja?" baba akauliza.

"Mwezi ujao nani atalikumbuka jiwe langu? Redio yako?"

Baba akaguna, akaomba chai. Alitiliwa kijiko kimoja, akaomba cha pili, akanyimwa.